Nyumba Yetu: Chini ya Fomaika Kuna Nini?

 

Mwezi huu tunajibu barua ya mama mmoja wa Morogoro. Anatueleza kwamba yeye na mumewe wameweka akiba kwa miaka miwili ili watengeneze jiko lao: kaunta ndefu ya ukutani yenye sinki, na makabati chini yake. Sehemu kubwa ya fedha hizo imetokana na maandazi na keki anazopika na kupeleka katika maduka ya jirani, na kaunta hiyo ndiyo atakayokandia unga wake. Fundi amewaambia kwamba kwa kuwa juu itabandikwa fomaika, bodi ya chini iwe yoyote tu, maana haitaonekana. Baba amekubali kwa sababu bodi hiyo ni ya bei nafuu. Mama ana wasiwasi, kwa kuwa kwa jirani yake kaunta ya namna hiyo ilivimba kabla ya mwaka kwisha. Anauliza: "Je, ninyamaze na kumwamini fundi, au niseme nionekane mbishi mbele ya mume wangu?"

Mama mpendwa, swali lako si la ubishi. Ni swali la mtu anayetunza mali ya nyumba yake. Mwanamke anayesifiwa katika Mithali sura ya 31 hanunui shamba kwa kusikia tu. Kwanza analiangalia na kulifikiri, kisha ndipo anatoa fedha zake. Nasi tunakushauri uiangalie bodi kabla ya kuinunua. Wahenga wetu walikwisha kutuonya kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

FOMAIKA YENYEWE NI NINI?

Watu wetu huita fomaika kila karatasi ngumu yenye kung'aa inayobandikwa juu ya meza na makabati, bila kujali imetengenezwa na nani. Jina hilo limetokana na kampuni ya Formica, iliyoanzishwa mwaka 1913 katika mji wa Cincinnati huko Marekani. Waanzilishi wake, Herbert Faber na Daniel O'Conor, hawakuwa wakifikiria majiko ya akina mama. Walikuwa wakitafuta kitu cha kuzuia umeme katika mitambo, badala ya madini yanayoitwa mika. Matumizi ya mezani na jikoni yalikuja baadaye.

Fomaika hutengenezwa kwa karatasi ngumu za kahawia zilizoloweshwa katika gundi ya kiwandani na kupangwa moja juu ya nyingine. Juu yake huwekwa karatasi yenye rangi au maua, iliyoloweshwa katika dawa iitwayo melamini. Kisha zote hubanwa pamoja kwa mashine yenye joto kali na nguvu nyingi, mpaka ziwe kitu kimoja. Hapo hupatikana uso mgumu usionyonya maji, usioshika madoa upesi, na unaosafishika kwa kitambaa na sabuni kidogo.

Hata hivyo, ugumu huo wote umo katika unene usiofika hata milimita moja. Fomaika nyingi za kaunta zina milimita 0.8 hivi. Haiwezi kusimama peke yake. Mfano wake ni kitambaa cha meza: ukitandika kitambaa kizuri juu ya meza iliyooza, hujaiponya meza. Bodi iliyo chini ndiyo inayobeba mzigo, ndiyo inayoshika skrubu, na ndiyo itakayoamua kama kaunta itadumu miaka mingi au itavimba kabla ya mwaka kwisha.

Tukumbuke pia kwamba maji hayapiti katikati ya fomaika nzima. Hupita pembeni, kwenye maungio, kwenye tundu la sinki na la bomba, na kwa chini. Yakishaingia, bodi huvimba, na fomaika iliyo juu hubanduka au kupasuka. Mwenye nyumba huilaumu fomaika, kumbe mgonjwa yuko chini yake.

BODI ZINAZOPATIKANA MADUKANI

Tuzitazame moja moja, tujue uzuri wake na udhaifu wake.

Ubao mtupu wa mti. Wengi wetu tunadhani mbao za mninga au mkongo ndizo bora kuliko vyote. Kwa viti na vitanda ni kweli. Lakini kwa kubandikia fomaika, ubao mpana wa mti haufai. Ubao hupanuka wakati wa masika na kunywea wakati wa kiangazi, hasa kwa upande wa upana wake. Fomaika haiendi naye kwa mwendo ule ule, kwa hiyo gundi huachia au maungio hufunguka. Mbao zako za mninga zihifadhi kwa fremu na miguu.

Plaiwudi. Hii hutengenezwa kwa tabaka nyembamba za mti zilizogundishwa, kila tabaka likilazwa kinyume na lililo chini yake. Idadi ya tabaka huwa si shufwa, yaani 3, 5, 7 na kuendelea. Kwa mpango huo kila tabaka humzuia mwenzake asipanuke, nayo bodi hutulia. Plaiwudi ina nguvu, hushika skrubu vizuri, na ikiwa imegundishwa kwa gundi isiyoyeyuka kwa maji huvumilia unyevu kuliko bodi nyingine. Hapa kwetu Tanzania nyingi hutengenezwa Mafinga kwa miti ya msitu wa kupandwa wa Sao Hill, na Kenya iko viwandani Eldoret na Nakuru. Udhaifu wake ni kwamba haziko sawa. Nyingine zina mashimo ndani au uso wenye mawimbi, na fomaika kwa wembamba wake huonyesha kila kilicho chini. Kabla ya kununua, itazame bodi kwa ubavu. Ukiona matundu mengi katikati ya tabaka, chagua nyingine.

Bodi nyeusi ya ujenzi, ile mafundi wanayoiita marine bodi. Jina lake huwadanganya wengi wakadhani ni plaiwudi ya kutengenezea mashua. Kwa kawaida ni plaiwudi iliyofunikwa ngozi ya plastiki kwa ajili ya kumwagia zege. Huvumilia maji, lakini ule utelezi wake hauishiki gundi ya fomaika sawasawa. Fundi akiitumia, lazima apige msasa mpaka utelezi uishe, vinginevyo fomaika itabanduka yote siku moja.

Blokibodi. Katikati ina vipande vya mti laini vilivyopangwa ubavu kwa ubavu, juu na chini vikafunikwa kwa tabaka nyembamba. Ni nyepesi kidogo, na ni nzuri kwa rafu ndefu na milango mirefu kwa kuwa haipindi upesi kwa uzito. Ikiwa vipande vya ndani havikukauka vizuri kiwandani, mistari yake hujionyesha juu ya fomaika baada ya muda.

Chipbodi. Hii ni vipande vidogo vidogo vya mti vilivyochanganywa na gundi na kubanwa kwa joto. Uso wake ni laini na ulionyooka, bei yake ni ya chini, na fomaika hukaa juu yake vizuri. Tusiidharau. Hata kule Ulaya kaunta nyingi za fomaika zinazotoka viwandani zimejengwa juu ya chipbodi. Tofauti ni kwamba kule kiwanda huziba kila upande, na kwa jikoni huchagua chipbodi iliyotengenezwa ivumilie unyevu. Chipbodi ya kawaida ikilowa huvimba, na hata ikikauka hairudi katika unene wake wa kwanza, kwa sababu vile vipande vilivyobanwa kwa nguvu vimekwisha kufunguka. Tena ubavu wake haushiki skrubu vizuri, ndiyo maana bawaba za makabati mengi hung'oka.

MDF. Hii hutengenezwa kwa nyuzi za mti zilizosagwa laini kama pamba kisha kubanwa pamoja na gundi. Ndiyo yenye uso laini kupita zote, na hukatwa na kuchongwa bila kumeguka. Kwa milango ya makabati inapendeza sana. Ni nzito, bodi nzima ya milimita 18 hufika karibu kilo 40. Ya kawaida haipendi maji, na ubavu wake hunyonya kama sifongo. Skrubu ikipigwa ubavuni bila kutobolewa kwanza, hupasuka.

Hadibodi. Ni nyembamba, ya milimita 3 hivi. Inafaa kwa migongo ya makabati na chini ya droo, si kwa kaunta.

Bodi za chipbodi na MDF zilizotengenezwa kwa kuvumilia unyevu zipo pia. Nyingi hutiwa rangi ya kijani ndani ili zitambulike. Lakini mama, rangi peke yake si ushahidi, maana rangi yoyote inaweza kutiwa. Mwombe mwuzaji akuonyeshe maandishi ya kiwanda kwenye bodi au kwenye karatasi zake. Tena kuvumilia unyevu si kuvumilia kulowekwa. Bodi hiyo hustahimili mvuke wa chungu na matone yanayofutwa, si bomba linalovuja usiku kucha.

GAWANYA JIKO LAKO KWA MAJI

Hapa ndipo tunapofika kwenye jibu la barua yetu. Hakuna bodi moja iliyo bora kwa kila mahali. Jiulize swali moja tu: hapa maji yatafika mara ngapi? Kisha fedha zako zielekeze pale maji yanapofika.

Mahali pa kwanza ni kaunta yenye sinki. Hapo usifanye ubahili. Chagua plaiwudi nzuri ya milimita 18 iliyogundishwa kwa gundi isiyoyeyuka kwa maji, au, ikikosekana, chipbodi au MDF ya kuvumilia unyevu.

Mahali pa pili ni chini ya makabati. Nyumba zetu tunazipiga deki kwa maji mengi, na maji hayo hunywewa na bodi zinazogusa sakafu. Makabati mengi huanza kuoza miguuni wakati juu yangali mapya. Mwambie fundi ayainue kwa sentimita 10 hivi, juu ya miguu au juu ya tofali lililopigwa saruji. Bodi ya chini ya kabati la sinki nayo iwe ya plaiwudi, maana bomba la chini likivuja ndiyo itakayopokea.

Mahali pa tatu ni makabati ya juu, rafu za vyombo vikavu, meza ya watoto ya kusomea na kabati la nguo. Hapo chipbodi ya kawaida au blokibodi inatosha kabisa, na milango inaweza kuwa ya MDF. Kununua bodi ya gharama kwa mahali pakavu ni kutupa fedha ambazo zingelipa ada ya shule.

Sasa tupige hesabu, kwa kuwa Bwana wetu mwenyewe, katika Injili ya Luka sura ya 14, alitufundisha kwamba anayetaka kujenga huketi kwanza akahesabu gharama. Bodi moja ina urefu wa milimita 2440 na upana wa milimita 1220. Kaunta ya kawaida ina upana wa sentimita 60. Kwa hiyo bodi moja hutoa vipande viwili vya kaunta, kila kimoja chenye urefu wa mita 2 na sentimita 40. Kama kaunta yako haizidi urefu huo, unahitaji nusu ya bodi tu kwa ajili ya juu, na nusu iliyobaki itatengeneza sehemu za chini zinazopata maji. Ina maana kwamba tofauti ya bei kati ya bodi nzuri na bodi dhaifu unailipa kwa bodi moja, si kwa jiko zima.

Tufikirie na upande wa pili. Kaunta ikivimba, hupotezi bodi peke yake. Fomaika iliyobandikwa haibanduliki ikatumika tena. Utapoteza fomaika, gundi, ujira wa fundi, na pengine sinki litang'olewa na vigae vya ukutani vivunjike. Vitu hivyo vyote vina bei ile ile, bodi ya chini iwe nzuri au mbaya. Ndiyo maana rahisi hugeuka kuwa ghali.

JARIBIO LA GLASI YA MAJI

Labda utasema, "Mimi si fundi, nitajuaje?" Liko jaribio ambalo mama yeyote anaweza kulifanya.

Mwombe mwuzaji au fundi akupe vipande vidogo vya bodi unazozifikiria, kila kimoja cha ukubwa wa kiganja. Andika jina la bodi juu ya kila kipande kwa penseli. Pima unene wake kwa rula ya mtoto wa shule, ukiweka alama pale ulipopimia. Kisha vitumbukize vyote katika beseni la maji, uvikandamize kwa jiwe ili visielee, uviache kwa saa 24. Kesho yake pima tena mahali pale pale.

Kipande kilichokuwa na milimita 18 kikibaki 18 au kikazidi kidogo sana, hicho ni cha kuaminika. Kikifika 20 au zaidi, kikianza kumeguka pembeni kwa vidole, au tabaka zake zikiachana, umekwisha kupata jibu. Viache vikauke kivulini kwa siku chache, uvipime mara ya tatu, uone ni kipi kilichorudi katika hali yake na ni kipi kilichobaki kimevimba.

Mama wa Morogoro, jaribio hili lifanye pamoja na mume wako. Liweke beseni mezani jioni, baada ya chakula na sala ya familia, na kesho yake jioni mpime pamoja. Hapo hutahitaji kushindana na mtu. Maji yenyewe yatasema. Mume mwenye busara akiona kwa macho yake fedha za familia zinavyoweza kuvimba ndani ya beseni, hatakuita mbishi, bali atamshukuru Mungu kwa kumpa msaidizi. Na kama fedha hazitoshi bodi nzuri mwezi huu, afadhali msubiri miezi miwili kuliko kujenga mara mbili. Haraka haraka haina baraka.

KAZI YA FUNDI IKO WAPI?

Bodi nzuri ikifanyiwa kazi mbovu nayo huharibika. Yako mambo machache ambayo mama anapaswa kuyajua ili ayatazame yakifanyika.

Kwanza, bodi na fomaika zikae pamoja ndani ya nyumba kwa siku mbili hivi kabla ya kubandikwa, zikiwa zimelazwa sawasawa. Bodi iliyotoka kwenye gari wakati wa mvua bado ina unyevu, na ikibandikwa siku ile ile itakauka ikiwa imefungwa, kisha ipinde.

Pili, vumbi lote lipanguswe kabla ya gundi. Gundi ya fomaika hupakwa pande zote mbili, kwenye bodi na kwenye fomaika, kisha husubiriwa mpaka isishike kidole. Fundi asiyesubiri huacha mapovu ndani. Ikishagusana haisogezwi tena, kwa hiyo hubandikwa kwa uangalifu, na kukandamizwa kuanzia katikati kwenda pembeni.

Tatu, tundu la sinki. Pembe zake za ndani zisiwe kali kama pembe za dirisha, bali ziviringwe kidogo, maana fomaika hupasuka kuanzia kwenye pembe kali. Na ule ubavu wa bodi ulio ndani ya tundu, usioonekana na mtu, upakwe vanishi au rangi ya mafuta mara mbili, kisha sinki liwekwe kwa silikoni. Hili ndilo jambo linaloachwa kuliko yote, na ndilo linaloua kaunta nyingi. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Nne, ubavu wa mbele uzibwe kwa kipande cha fomaika au kwa ubao mwembamba wa mti uliopakwa vanishi. Ukiwa wa fomaika, ubandikwe kwanza, kisha ile ya juu iufunike, ili maji yanayotiririka yasikute mlango.

Tano, upande wa nyuma. Bodi iliyobandikwa upande mmoja tu hupinda, kwa kuwa upande mmoja umefungwa na wa pili unavuta unyevu wa hewa. Kwa milango ya kabati hili ni la lazima: nyuma nayo ibandikwe fomaika ya bei nafuu isiyo na urembo, yenye unene unaolingana na ya mbele. Kaunta iliyofungwa imara kwenye fremu haina hatari kubwa ya kupinda, lakini chini yake ipakwe walau rangi ya mafuta.

Tusiwahukumu mafundi wetu. Wengi ni waaminifu, ila wamezoea kuambiwa, "Tufanyie rahisi," nao hufanya rahisi. Mwambie tangu mwanzo ni bodi gani unayoitaka na kwa nini. Nenda naye dukani, au aende baba, mchukue risiti yenye jina la bodi na unene wake. Kazi ikikamilika, mlipe ujira wake wote bila kumzungusha, kwa maana mtenda kazi anastahili malipo yake.

AFYA YA WATOTO

Chipbodi, MDF na plaiwudi nyingi za ndani hugundishwa kwa gundi yenye fomaldehaidi, ambayo hutoa harufu inayowasha macho na koo bodi inapokuwa mpya. Mwaka 2004 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliitangaza kuwa ni kisababishi cha saratani kwa binadamu. Hatusemi haya ili kuwatia hofu. Bodi zenye alama ya E1 hutoa kiasi kidogo, kwa hiyo iulizie alama hiyo. Tena fomaika na vanishi huzuia harufu isitoke, nayo ni sababu nyingine ya kuziba kila ubavu. Makabati mapya yaache milango wazi kwa siku kadhaa, na madirisha yafunguliwe, kabla ya kuweka vyombo na nguo za mtoto mchanga.

Gundi ya fomaika nayo hutoa mvuke unaoshika moto upesi. Siku ya kubandika, usiwashe jiko la mkaa wala la gesi karibu, na watoto wapelekwe kwa bibi au kwa jirani. Vumbi la MDF ni laini mno na huingia mapafuni. Kazi ya kukata na kupiga msasa ifanyike nje, na fundi afunge kitambaa puani.

Jambo moja tunalisisitiza kwa kuwa tunaliona mara nyingi: vipande vilivyobaki msivifanye kuni. Moshi wa gundi iliyo ndani yake ni sumu, na chakula kilichopikwa kwa moshi huo hakiwafai watoto wetu.

MASWALI YA KWENDA NAYO DUKANI

Yaandike kwenye karatasi, uyatie katika mkoba wako:

1. Bodi hii ni plaiwudi, blokibodi, chipbodi au MDF?
2. Gundi yake huvumilia maji? Maandishi ya kiwanda yako wapi?
3. Unene wake ni milimita ngapi kwa kipimo, si kwa maneno?
4. Naweza kupata kipande kidogo cha kujaribu?
5. Ubavuni kuna matundu? Ikilazwa, imenyooka?
6. Ilihifadhiwa wapi, penye paa au penye mvua?

KUITUNZA

Kaunta ikishakamilika, futa maji yanayosimama kuzunguka sinki kila umalizapo kuosha vyombo. Sufuria iliyotoka motoni iweke juu ya ubao, si juu ya fomaika, maana joto hulegeza gundi. Usikatie nyama wala mboga juu yake. Kila baada ya miezi michache inama utazame chini ya sinki kwa tochi, na silikoni ikianza kuachia, izibe siku hiyo hiyo. Chunguza pia njia za mchwa, kwa sababu bodi hizi zote ni mti, na mchwa hawachagui.

Mama wapendwa, Bwana Yesu aliwakemea waliosafisha kikombe kwa nje huku ndani kumeachwa. Neno hilo lilihusu mioyo, nasi hatutaki kulishusha mpaka kwenye kaunta za jikoni. Lakini tunajua kwamba mazoea ya kutojali kisichoonekana huanza katika mambo madogo, na watoto wetu wanatutazama. Mtoto anayemwona mama yake akipaka vanishi mahali ambapo hakuna mgeni atakayepaona, na baba yake akilipia bodi nzuri itakayofunikwa, amejifunza somo la uaminifu bila kuhubiriwa.

Kwako mama wa Morogoro: sema na mume wako kwa upole, chukueni vipande, jaribuni, kisha amueni pamoja. Tunawaombea kaunta itakayovumilia maji, na tunaziombea baraka kazi za mikono yako zitakazofanyika juu yake.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuhifadhi mahindi na maharage ya nyumbani yasiharibiwe na wadudu. Mpaka hapo, amani ya Kristo ikae katika nyumba zenu. Amina.